Maswali ya Wasomaji: Kumbe na Sisi Tunaingia Hifadhi ya Binafsi?

Mwezi jana niligusia habari ya Ol Pejeta, hifadhi ya binafsi kule Laikipia, aya mbili hivi tu, nikasema mwananchi wa kawaida anaingia pale na gari lake mwenyewe na saa nne asubuhi haijafika ameshamwona kifaru. Basi meseji zimemiminika mpaka simu ikajaa. Wengi wanauliza bei, wengine usalama, na kuna kijana mmoja wa Laikipia kauliza swali ambalo nimelala nalo siku mbili. Mimi nimeendesha gari la watalii miaka 19 kabla ya mgongo kukataa, kwa hiyo najibu kwa yale niliyoyaona na niliyojifunza kwa marenja na wachungaji, mengine kwa urefu, mengine mstari tu.

Sisi ni chama cha akina mama 14 hapa Thika. Tumechanga mwaka mzima na tunataka kwenda safari Disemba, lakini wenzangu wanasema hizo hifadhi za binafsi ni za wazungu na matajiri, tukifika getini tutarudishwa. Ni kweli? Na kama si kweli tujipange vipi? — Mweka hazina, Thika

Mama, pokea salamu zenu wote 14. Hapana, hamtarudishwa, na naomba hilo wazo mlitoe kichwani kabla hata ya kuhesabu hela.

Ila tuelewane kwanza hifadhi ya binafsi ni nini, maana watu huchanganya. Mbuga ya taifa, kama Nairobi au Tsavo, ni ya serikali na inasimamiwa na KWS, shirika la serikali la wanyama pori. Hifadhi ya binafsi ardhi yake ni ya mtu, au kampuni, au shirika, au ni wanakijiji wameunganisha mashamba yao, na hao ndio wanaoweka sheria za ndani. Wanyama wenyewe bado ni wa taifa, mwenye shamba hawezi kumuuza tembo wala kumpiga risasi, uwindaji Kenya ulipigwa marufuku tangu 1977. Lakini geti ni lake, barabara ni zake, na nani aingie saa ngapi ni yeye anaamua, na hapo ndipo tofauti zinapoanza.

Kuna zinazopokea watu wa siku moja na kuna zinazopokea wanaolala ndani tu. Ol Pejeta inapokea wa siku moja, na magari ya kujiendesha. Solio pia, ile iliyo kati ya Aberdare na Mlima Kenya, ekari 17,000 na kitu, ilianzishwa 1970 na ndio mahali pa kwanza pa binafsi nchini kufugia vifaru, vifaru wengi mnaowaona leo kwenye mbuga zingine walizaliwa pale wakahamishwa. Lewa kule Meru sana sana ni ya wanaolala ndani, kwa hiyo mpige simu kwanza. Na zile zinazopakana na Maasai Mara, kama Naboisho, Olare Motorogi na Mara North, huingii kama hujalipia kambi iliyo ndani. Nimeshaona familia imetoka Nairobi alfajiri ikafika geti la moja ya hizo saa tisa mchana ikaambiwa hapana, watoto wanalia nyuma, na kosa halikuwa la askari wa geti, ni kwamba hakuna aliyewaambia.

Kwa nyinyi 14 mimi ningechagua Ol Pejeta bila kufikiria mara mbili. Kodini magari mawili ya safari yenye paa la kufunguka badala ya basi moja, maana basi la shule watu wa upande mmoja ndio wanaona na wa upande mwingine wanaangalia migongo ya wenzao. Nairobi mpaka Nanyuki ni kama kilomita 200, Thika mko njiani tayari. Laleni Nanyuki mjini, vyumba vya bei ya kawaida vipo, asubuhi na mapema mko getini. Kama kuna wenye moyo wa kulala kwenye hema ndani mle kuna sehemu za kupigia kambi kando ya mto Ewaso Nyiro, unabeba chakula chako na sufuria zako. Tiketi lipieni kabla, na kila mtu awe na kitambulisho chake mkononi, yani chenyewe, sio picha kwenye simu ya katibu, kwa sababu bei ya raia na bei ya mgeni ni mbali kama mbingu na ardhi.

Alafu Disemba mvua za vuli huwa saa ingine hazijaisha. Laikipia ina udongo mweusi ule unaonata, mkavu ni barabara nzuri, ukilowa ni sabuni. Kama mnaweza kusogeza mpaka Januari au Februari ardhi imekauka na wanyama wamekaribia maji, mtaona zaidi kwa hela ileile.

Jambo la mwisho mama, na hili nalisema kwa sababu nimebeba watu wengi sana. Msimwambie dereva awakimbizie simba. Kundi likipanda gari linataka wale watano wakubwa, simba, chui, tembo, nyati na kifaru, kabla ya chakula cha mchana, basi dereva anakimbia vumbi juu, mnapita kongoni, mnapita pofu, mnapita ndege karani anatembea na miguu yake mirefu anatafuta nyoka, na jioni mmeona mkia wa simba kwenye kichaka. Mwambieni azime gari mahali pamoja penye maji, nusu saa tu. Fungueni chai. Mtashangaa nani atakuja.

Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu Mombasa, Laikipia ni mbali sana kwetu na nauli ni kubwa. Hakuna kitu kama hicho upande wa pwani? — Mwalimu wa Likoni

Marahaba mwalimu. Kipo, na wapwani wengi hawakijui, Taita Hills. Ni hifadhi ya binafsi kama ekari 28,000, imekaa ubavuni mwa Tsavo Magharibi, karibu na barabara ya Voi kwenda Taveta. Ndani kuna ile loji ya Salt Lick ambayo vyumba vyake vimeinuliwa juu ya nguzo na chini kuna bwawa, tembo wanakuja kunywa hapo miguuni pako usiku wewe uko dirishani na kikombe. Kulala ni ghali kidogo, sitakudanganya. Lakini unaweza kushuka treni Voi, ile inayosimama stesheni za kati, mkakodi gari hapo mkiwa watu sita saba, mkaingia asubuhi mkatoka jioni. Jirani yake kuna LUMO, hiyo ni ya wenyeji wenyewe wa Taita, na geti lake ni rahisi zaidi mfukoni. Ukiwa na wanafunzi andika barua mapema kwa kichwa cha shule, wengi wana bei ya shule hawaitangazi.

Habari. Naishi Minnesota miaka 22, nina pasipoti ya Marekani, mke wangu bado ana ya Kenya na watoto wamezaliwa huku. Mwaka huu tunakuja nyumbani na nataka watoto waone wanyama. Tutalipa kama wageni au kama raia? Pia kuna kampuni tuliilipa dipoziti mwaka juzi kwa WhatsApp na hawakuonekana tena, tutajuaje wa kweli? — Baba Watatu, Marekani

Pole sana kwa hiyo dipoziti, na pole zaidi kwa watoto walioambiwa safari imekufa.

La pasipoti kwanza. Getini hawaangalii umezaliwa wapi wala unaongea Kiswahili kizuri namna gani, wanaangalia karatasi. Mkeo akiwa na kitambulisho au pasipoti ya Kenya analipa kama raia. Wewe ukionyesha ya Marekani peke yake ni mgeni. Ila katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo kama ulikuwa Mkenya ukaupoteza unaweza kuuomba tena, na watoto wa mama Mkenya wana haki ya uraia hata kama wamezaliwa Minneapolis. Ni kazi ya miezi na makaratasi lakini ifanye, sio kwa ajili ya geti tu. Msafara wa mwaka huu ukiwahi kabla ya karatasi basi lipieni kama mlivyo, na msijaribu kumficha mtoto chini ya kiti. Nimeshuhudia hilo getini, mtoto wa miaka tisa anatolewa chini ya mablanketi mbele ya baba yake. Ile aibu hakuna bei inayoifidia.

Kuhusu kampuni. Usilipe dipoziti ya hifadhi kwa mtu wa kati kama hifadhi yenyewe inakubali kulipwa moja kwa moja, na nyingi zinakubali, wana tovuti zao na unapata risiti yenye jina lako. Kampuni ya gari mwambie akutumie namba ya leseni ya utalii, alafu piga kambi au loji uliyoambiwa mmebukiwa na uulize kwa jina lako kama mko kwenye kitabu. Simu moja tu. Mwenye nia mbaya atakasirika ukimwambia utapiga, wa kweli atakupa namba mwenyewe. Na bei ikiwa nusu ya wengine wote jiulize nani anailipa ile nusu nyingine.

Na watoto wako wakifika, ongea nao Kiswahili ndani ya gari. Majina ya wanyama wayapate kwa lugha ya mama yao wakiwa wanamtazama mnyama mwenyewe. Pofu, kuro, muhanga, nungunungu, kanu. Neno ulilolipata ukiwa unamwangalia mwenyewe halitoki. Muombeni mwongozaji awaongeleshe kwa Kiswahili, atafurahi kuliko mnavyodhani, siku nzima anaongea lugha ya watu na hadithi zake nzuri zote za utotoni ziko kwa hii yetu.

Nina watoto wa miaka 3 na 6. Naogopa. Je tembo akikuja kwa gari tunafanyaje, na mtoto akitaka kujisaidia katikati ya pori? — Mama wa Nakuru

Kuogopa ni sawa mama, mimi baada ya miaka 19 bado tembo namwogopa, na ndio maana niko hapa naandika.

Tembo ukimkuta barabarani simama mbali, mbali kabisa, usimsogelee ukidhani atapisha. Ukiona ametoa masikio kando na amekutazama uso kwa uso, au anatikisa kichwa vumbi linaruka, hapo anakwambia kitu. Rudi nyuma polepole bila kupiga honi na bila kukanyaga mafuta gari likanguruma. Usiwe katikati ya mama na mtoto wake hata siku moja. Dume lenye maji yanatiririka kwenye mashavu kutoka kati ya jicho na sikio, huyo yuko kwenye joto lake, huyo mpishe hata kama itabidi ubadilishe njia yote. Madirisha ya watoto juu, hakuna kusimama juu ya paa, hakuna kutoa mkono, hakuna kumwita simba "paka paka". Simba akiwa karibu analiona gari kama kitu kimoja kikubwa, ila mtu akitoa kichwa na mabega nje anabadilisha hiyo picha.

Kujisaidia, wenzetu wa Tanzania wanaita kuchimba dawa, panga kabla. Vyoo vipo getini, kwenye vituo vya wageni na sehemu za pikniki. Kabla ya kuondoka kila kituo kila mtu anaenda, hata anayesema hana. Ikishindikana kabisa mwongozaji ndiye anachagua mahali, anashuka yeye kwanza anazunguka gari, na ni nyuma ya tairi hapohapo, hakuna kwenda kichakani ati kwa heshima. Chui anapenda kichaka kuliko sisi. Mtoto wa miaka 3 mbebee poti, tatizo limekwisha.

Ol Pejeta ni nzuri kwa hao wadogo kwa sababu hamkai garini siku nzima. Kuna sokwe pale, kituo cha Sweetwaters, unawaona kwa miguu ukiwa upande wa pili wa fensi ya stima. Kenya haina sokwe wa porini, hawa wa kwanza waliletwa 1993 kutoka Bujumbura, vita vya Burundi vilipofanya kituo cha Jane Goodall pale kisiweze kuwaweka tena, na baadaye wakaja wengine waliookolewa kwenye vizimba na majumba ya watu huko na huko. Wamegawanywa makundi mawili, mto unawatenganisha. Mwambie yule wa miaka 6 kwamba kila mmoja ana jina na askari wanaowalisha wanajua nani mkorofi nani mpole, ataanza kuwatafuta usoni. Ila sokwe hutupa mawe, sio mchezo, ukimwona anaokota kitu rudisha watoto nyuma.

Nivae nguo za rangi gani? — Bila jina

Kahawia, kijani, kijivu. Bluu nzito na nyeusi ndizo mbung'o wanazozipenda, huko wanakopatikana. Na Laikipia asubuhi ni baridi ya kweli, uko juu, beba sweta nzito hata kama ramani inaonyesha ikweta inapita hapohapo.

Mimi nimezaliwa Laikipia, babu yangu ni Mmaasai na anasema hiyo nchi yote ya mafensi ilikuwa malisho yetu. Leo wewe unaandika watu waende wakafurahie. Ng'ombe wa baba yangu wakiingia kwa kiangazi wanakamatwa. Tembo wakitoka wanakula mahindi ya jirani. Nakuuliza kwa heshima, kwa nini tuwapelekee hela yetu? — Kijana wa Laikipia

Kijana wangu, hili ndilo swali nililolala nalo. Sitakujibu haraka.

Babu yako anasema kweli na iko kwenye vitabu. Mkataba wa 1904 na Waingereza uliwatoa Wamaasai Bonde la Ufa ukawasukuma Laikipia, wakaahidiwa hapo hawataguswa, alafu mkataba wa 1911 ukawatoa tena Laikipia ukawapeleka kusini, nchi ikagawiwa walowezi. Wakaenda mahakamani, na 1913 kesi ikatupwa kwa ufundi wa sheria bila hata kusikilizwa haki yenyewe. Baada ya uhuru mashamba yakauzwa na kununuliwa, mengine yakabaki makubwa vilevile. Ol Pejeta yenyewe ilikuwa ranchi ya ng'ombe ya walowezi, ikapita mikononi mwa matajiri kadhaa, mpaka 2004 ikanunuliwa kwa msaada wa shirika la uhifadhi la Fauna & Flora International ili iendeshwe kama mali isiyo ya faida, ekari 90,000. Kwa hiyo mtu akikwambia hii ardhi haina historia anakudharau.

Sasa la pili, nalo ni kweli pia. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi kama 20,000. Miaka ya mwisho ya 80 walibaki chini ya 400. Waliobaki waliokolewa kwa kuwekwa ndani ya fensi na askari, na fensi nyingi zilikuwa za hayo mashamba ya binafsi, Solio, Lewa ambayo ilianza 1983 ikiwa boma dogo la vifaru la ekari 5,000, na Ol Pejeta ambayo leo vifaru wake weusi wamevuka 150. Zaidi ya nusu ya wanyama pori wa nchi hii wanaishi nje ya mbuga za serikali. Mashamba hayo yakikatwa vipande vya robo ekari kesho, hao wanyama hawana pa kwenda, na sidhani malisho ya baba yako yatarudi, yatakuwa mawe ya ploti na bango la "inauzwa".

Haya mawili yote ni kweli pamoja na mimi siwezi kufuta moja ili lingine lipendeze.

Ninachoweza ni kukwambia mimi nikipeleka hela yangu huwa naangalia nini. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi naangalia hilohilo, je mwenyeji amepona? Nauliza pale getini ardhi ni ya nani. Nauliza marenja na wapishi wametoka wapi, vijiji vya jirani au mbali. Nauliza basari za shule ni ngapi na nani anachagua. Nauliza wakati wa kiangazi jirani anapata nyasi kwa utaratibu gani. Ol Pejeta wanafuga maelfu ya ng'ombe aina ya Boran humohumo na simba, usiku wanalala kwenye maboma ya vyuma yanayohamishwa, na palipolala boma nyasi inarudi tamu, swala wanafuata. Maana yake ng'ombe na wanyama wanaweza, na kama wanaweza wa hifadhi basi wa jirani pia waweza, kinachobaki ni makubaliano na nia. Kiangazi kikibana mlango huo ufunguke kwa utaratibu wa maandishi, mapema, kabla ya ng'ombe kukamatwa. Hilo nitalisema mbele ya meneja yeyote.

Kule Mara ni tofauti, na ningependa ukaone. Mashamba yaligawiwa Wamaasai kila mtu na hati yake, wakakaa chini na kambi, wakaunganisha vipande, kila mwezi mwenye hati analipwa kodi ya ekari zake atakuja mtalii asije. Idadi ya vitanda imewekwa kikomo, na mnyama mmoja hazungukwi na magari zaidi ya matano hivi, wakati ndani ya mbuga yenyewe utakuta 30 kwa duma mmoja. Lakini 2020 korona ilipofunga ndege kambi zikakosa wageni, kodi za wenye ardhi zikapunguzwa, na familia zilizokuwa zimetegemea ile hela kwa karo zikauza mbuzi. Hapo ndipo nilipoanza kuwaomba wasomaji wa hapa waende. Hifadhi inayoishi kwa mgeni wa Ulaya peke yake, Ulaya ikikohoa mwenye ardhi analala njaa.

Kuhusu mahindi na tembo, sheria ya wanyama pori ya 2013 inatoa fidia, mtu akiuawa na mnyama familia ipate shilingi milioni 5, na mazao yaliyoharibiwa yana fomu yake. Najua malipo yanachelewa miaka, watu wanazeeka na fomu mkononi. Jaza hata hivyo, piga picha siku hiyohiyo, peleka kwa ofisi ya KWS ya kaunti, weka nakala. Jirani yako asipojaza, kwenye hesabu za serikali tembo hakula kitu.

Na kijana, kama babu yako bado anakumbuka majina ya zile sehemu kabla ya fensi, mito, vilima, mahali pa chumvi, yaandike. Niletee hapa tutayachapisha. Mtu anayepita pale na gari ajue anapita wapi.

Niko Arusha. Mbona mnasifia Kenya tu, huku kwetu hakuna hifadhi za binafsi? — Mdau, Arusha

Sio kusifia mdau, nimejibu nilikoulizwa. Kwenu mfumo ni mwingine, ardhi yote ni ya umma chini ya Rais, kwa hiyo utakuta zaidi maeneo yaliyokodishwa kama Grumeti kando ya Serengeti, na zile jumuiya za vijiji mnaziita WMA. Hapo karibu nawe kuna Randilen na Burunge, zote zimepakana na Tarangire, na Manyara Ranch ambayo ni njia ya tembo kati ya Tarangire na ziwa. Nenda Randilen mwisho wa kiangazi. Mibuyu ile na makundi ya tembo, na watu ni wachache kuliko ndani ya hifadhi ya taifa. Na mnaruhusiwa kutembea kwa miguu na askari mwenye bunduki, kitu ambacho kwenye gari hukipati, ile unasikia harufu ya tembo kabla ya kumwona.

Mimi niko gredi ya 5 Nyeri. Tulisoma shuleni kwamba kuna vifaru wawili tu wa aina yao dunia nzima na wako Ol Pejeta. Je wanajua wamebaki wawili? Na wakifa itakuwaje? Mama ndio ananiandikia lakini maneno ni yangu. — Msomaji mdogo

Mwanangu, asante kwa maneno yako mwenyewe.

Hao ni vifaru weupe wa kaskazini. Mkubwa anaitwa Najin, alizaliwa 1989, na mdogo ni Fatu, binti yake, alizaliwa 2000. Walizaliwa kwenye bustani ya wanyama kule Cheki, nchi ya theluji, wakaletwa kwa ndege Disemba 2009 wakiwa wanne, pamoja na madume wawili, Suni na Sudan. Watu walitumaini wakifika kwenye jua na nyasi za nyumbani watazaa. Hawakuzaa. Suni akafa 2014. Sudan, ambaye ni baba yake Najin na babu yake Fatu, alikufa Machi 2018 akiwa mzee wa miaka 45. Mimi nilikuwa nimepeleka wageni mwaka mmoja kabla, nikamwona amelala, renja amekaa karibu naye anamkuna nyuma ya sikio. Yule renja hakuwa anaongea na sisi, alikuwa anaongea na kifaru.

Kama wanajua wako wawili, hilo hakuna mtu anayeweza kumuuliza kifaru. Ila nakwambia nilichokiona, wanatembea pamoja, mmoja akisogea kula mwingine anafuata baada ya muda, na wamewekewa mwenzao kifaru mweupe wa kusini ili wajifunze kwake tabia za porini. Askari wako nao usiku na mchana.

Wakifa itakuwaje. Najin na Fatu hawawezi kubeba mimba, Najin miguu ya nyuma ni dhaifu na Fatu ana shida ndani ya tumbo la uzazi. Kwa hiyo tangu 2019 madaktari wamekuwa wanatoa mayai, wanayaunganisha maabara na mbegu za madume waliokufa zilizohifadhiwa kwenye baridi kali, na wameshapata viinitete, yani mwanzo kabisa wa mtoto, zaidi ya 30. Hivyo vitabebwa na mama wa kusini. Mwanzoni mwa 2024 walitangaza kwamba kifaru mmoja wa kusini alishika mimba kwa njia hiyo, ya kiinitete cha kusini kwa kujaribu, lakini yule mama akafa kwa bakteria wa udongo baada ya mvua kubwa kabla hajazaa. Walilia, kisha wakarudi kazini. Mtoto wa kaskazini bado hajazaliwa, na wanataka azaliwe Najin na Fatu wakiwa hai, kwa sababu kuna mambo ya kuwa kifaru wa kaskazini ambayo maabara haina, namna ya kula, namna ya kusimama mvua ikinyesha, hayo atayaiga kwa Najin na Fatu.

Mwambie mama Nyeri mpaka Nanyuki ni karibu, mnaweza kuondoka asubuhi na kurudi jioni. Kuwaona hao wawili kunalipiwa kando na tiketi ya geti na nafasi kwa siku ni chache, kwa hiyo abuki kabla, asije akafika na wewe mkakuta zimeisha. Ukipiga picha mwombe azime lokesheni kwenye simu, kwa sababu kuna watu wabaya wanaotafuta vifaru kwa picha za watu wema. Ongea kwa sauti ndogo. Wao hawaoni vizuri lakini masikio yao yanageuka kila upande, na ukinyamaza kabisa utasikia nyasi zikikatika wanapokula.

Ukirudi niandikie, useme Fatu alikuwa anafanya nini.